Kikohozi kisichoisha kwa mtu mzima: namna ya kukitambua kifaduro katika msimu wa salfa

Wakulima wa korosho wa Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea na Liwale, kusini mwa Tanzania, wanalo jibu tayari kila wanapoulizwa kwa nini wanakohoa: ni salfa. Karibu na mwezi wa sita, mikorosho inapoanza kupuliziwa unga huo wa manjano ili kuzuia ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hakuna kikohozi kijijini kinachotafutiwa sababu nyingine. Jibu hilo mara nyingi ni la kweli, na kwa kuwa ni la kweli mara nyingi, hufunika mambo ambayo hayahusiani na salfa hata kidogo.

Maelezo haya yanamhusu mtu mzima aliyekohoa kwa wiki tatu au zaidi, asiye na homa, aliyekwisha kumaliza chupa mbili za dawa ya kikohozi na pengine dozi ya amoksilini kutoka duka la dawa, na ambaye bado usiku huamka akaketi kitandani akitafuta pumzi. Miongoni mwa visababishi ambavyo mtu huyu hatajiwi ni kifaduro. Sisi tunaotibu tumezoea kukitafuta kwa watoto, tena tukisubiri kusikia ule mlio mkali wa mtoto anapovuta hewa baada ya kukohoa mfululizo. Mtu mzima mara nyingi hatoi mlio huo, kwa sababu njia yake ya hewa ni pana zaidi na pengine amebakiwa na kinga kidogo ya utotoni. Akisubiriwa awike ndipo aaminiwe, atapona mwenyewe kabla hajatambuliwa, akiwa amekwisha kuwaambukiza wengine nyumbani.

Kimeanza lini hasa?

Swali hili hujibiwa vibaya kuliko yote. Mgonjwa husema "siku nyingi" au "tangu tuanze kupulizia", na tabibu mwenye foleni ndefu mlangoni huandika hivyo hivyo. Ni vyema kumrudisha nyuma kwa matukio anayoyakumbuka: mnada wa mwisho, siku ya maziko fulani, siku shule zilipofungwa. Kikohozi kisichofikisha wiki tatu kwa kawaida ni cha mafua, nacho huisha chenyewe. Kilicho kati ya wiki tatu na nane ndicho ambacho kifaduro hujificha ndani yake, pamoja na mabaki ya mafua ya kawaida. Kikipita wiki nane, uzito wa pumu, kiungulia, moshi na dawa za shinikizo la damu huongezeka, ingawa kifaduro nacho kinaweza kufika huko. Si ajabu kwamba nchini China na Japani ugonjwa huu huitwa kikohozi cha siku mia.

Kabla ya kwenda mbele, yeyote aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa kifua kikuu, hata kama dalili zake nyingine zote zinaelekeza kwenye kifaduro, na mwenye maambukizi ya virusi vya ukimwi hapaswi kusubiri hata wiki hizo mbili. Kipimo na matibabu ya kifua kikuu ni bure katika vituo vya umma. Makohozi yanayofaa ni yale yanayotoka ndani ya kifua asubuhi mtu anapoamka. Mate yaliyotemwa kwenye kikopo ili mhudumu aridhike huleta jibu lisilo na maana, na nimeona watu wakirudi nyumbani na furaha ya "sina kitu" waliyoipata kwa mate. Damu kwenye makohozi, kukonda, homa za jioni, jasho linalolowesha shuka au kupumua kwa shida humwondoa mtu kwenye mwongozo huu na kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Kinakuja vipi, na kati ya vipindi mgonjwa yukoje?

Hapa ndipo kifaduro hujitenga na wenzake, na ndipo ninapowashauri vijana tunaofanya nao kazi watulie. Miaka kadhaa iliyopita, katika zahanati moja ya uwanda wa juu, alikuja mzee wa makamo aliyekuwa akiongoza kikundi cha kupulizia mikorosho. Alisubiri kwenye benchi karibu saa nzima akiongea na wenzake kama mtu mzima wa afya. Alipoingia nikamwamkia, akaitikia, kisha kikohozi kikamkamata. Hakukohoa mara mbili akapumzika. Alikohoa kumi, kumi na mbili, kumi na tano, zote katika pumzi moja ya kutoa bila kuvuta nyingine, shingo ikavimba mishipa, macho yakatoa machozi, akainama mpaka uzi mzito wa ute unaonata ukaning'inia kutoka mdomoni hadi karibu na goti. Mwishoni akatapika chai aliyokunywa asubuhi. Kisha akaketi wima, akajipangusa kwa kiganja na kuomba radhi kwa kuchafua sakafu. Nilipomsikiliza kifua kwa stetoskopu kilikuwa safi, upande wa kulia na wa kushoto.

Picha hiyo ndiyo ya kifaduro cha mtu mzima: vipindi vikali vinavyokuja bila taarifa, vinavyozidi usiku, vinavyoweza kuchochewa na kicheko, moshi, chakula au hewa baridi ya alfajiri wakati wa kusi, na kati ya kipindi na kipindi mgonjwa huwa kama hana lolote. Kutapika baada ya kukohoa, hasa kwa mtu mzima asiye na tatizo la tumbo, ni dalili ninayoipa uzito mkubwa. Nguvu ya kikohozi inaweza kusababisha damu kuvilia kwenye weupe wa jicho, ubavu kupata ufa, mkojo kumponyoka mtu, hata kuzirai kwa muda mfupi. Kina mama wengi hawataji habari ya mkojo mpaka waulizwe faraghani na kwa staha, nao wakishaulizwa husema kwamba hilo ndilo lililowaleta.

Historia yake pia ina mpangilio. Wiki moja au mbili za mwanzo huonekana kama mafua mepesi: kamasi, kupiga chafya, kikohozi kidogo, homa ndogo au hakuna kabisa. Kikohozi kingekuwa cha mafua kingekuwa kinapungua kufikia hapo, lakini hiki ndipo kinapozidi, na vipindi huendelea kwa wiki moja hadi sita, wakati mwingine hata kumi, kabla ya kuanza kufifia polepole. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema "mafua yaliisha, kikohozi ndiyo kikaanza", uliza zaidi.

Kwa nini hakisikii dawa?

Ugonjwa huu husababishwa na bakteria wanaoitwa Bordetella pertussis, ambao Jules Bordet na Octave Gengou wa Ubelgiji walifaulu kuwaotesha maabara mwaka 1906. Bakteria hawa hung'ang'ania vinyweleo vidogo vinavyozifunika njia za hewa kwa ndani. Kazi ya vinyweleo hivyo ni kufagia ute na vumbi kuelekea kooni, usiku na mchana. Sumu za bakteria huwalemaza wafagizi hao, ute ukarundikana, na mwili ukabakiwa na njia moja tu ya kuutoa, yaani kukohoa kwa nguvu. Hata bakteria wakishakufa, vinyweleo huchukua wiki nyingi kuota upya. Ndiyo sababu mgonjwa huendelea kukohoa akiwa haambukizi tena mtu yeyote, na ndiyo sababu kuongeza chupa ya tatu ya dawa ya maji hakubadilishi kitu isipokuwa mfuko.

Wengi huuliza inakuwaje mtu aliyechanjwa utotoni augue. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, na chanjo ya kifaduro imekuwa ikitolewa pamoja na ya dondakoo na pepopunda. Tangu mwaka 2009 imo ndani ya chanjo ya penta, yaani sindano moja inayokinga magonjwa matano, ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo hiyo humlinda mtoto vizuri katika umri ambao kifaduro huua, lakini kinga yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Kinga ya aliyewahi kuugua nayo haidumu maisha yote. Mtu wa miaka thelathini au hamsini, awe na kadi ya kliniki au asiwe nayo, anaweza kuugua.

Je, si salfa kweli?

Salfa hukera macho, pua, koo na njia za hewa mara tu inapomfikia mtu. Kwa hiyo kikohozi chake huanza siku ile ile ya kupulizia, huambatana na macho kuwasha na koo kukwaruza, nacho hupungua mtu akikaa mbali na shamba kwa siku chache. Jaribio ni rahisi: aache kupulizia, aache pia kufua na kukung'uta nguo za kazini, kisha tuone. Kikohozi kinachoendelea kumkaba usiku baada ya wiki nzima ya kukaa nyumbani hakielezwi na salfa peke yake. Yapo mambo mawili ya kuangalia hapo. La kwanza, mwenye pumu anaweza kuamshiwa pumu na salfa ikaendelea hata baada ya vumbi kuondoka. La pili, kikundi cha kupulizia hukaa pamoja, hunywea kikombe kimoja na hulala kibanda kimoja shambani, kwa hiyo watu watatu wanaokohoa baada ya kazi moja wanaweza kuwa wamevuta unga mmoja au wameambukizana. Tarehe ndizo zinazotenganisha: waliovuta unga huanza kukohoa siku moja, ilhali waliopokezana kifaduro hutofautiana kwa wiki moja au mbili, kwa kuwa ugonjwa huchukua kwa kawaida siku saba hadi kumi tangu kuambukizwa mpaka dalili kuonekana, na mara chache hufikia siku ishirini na moja.

Moshi wa kubangulia korosho nyumbani ni mkali kupita wa kuni za kawaida, kwa sababu ganda la korosho lina mafuta yanayochoma. Anayekohoa jikoni tu na kupata nafuu akikaa barazani hana haja ya kutafutiwa kifaduro kwanza.

Visababishi vingine vinavyofanana na kifaduro

Pumu huja na kifua kubana na mluzi wakati wa kutoa pumzi, huenda na kurudi kwa miaka, na mara nyingi ndugu mwingine anayo. Ipo pumu isiyokuwa na dalili nyingine isipokuwa kikohozi cha usiku, na hiyo ndiyo inayochanganya zaidi. Kwa kawaida hutulia kwa dawa ya kuvuta, jambo ambalo kifaduro hakifanyi.

Kiungulia hukohoza mtu anapolala baada ya kula, akiwa na ladha ya uchachu mdomoni. Kamasi inayoteremka nyuma ya koo humfanya mtu asafishe koo mchana kutwa. Moyo uliochoka huleta kikohozi cha kulala chali, pumzi fupi na miguu kuvimba, na hilo si la kusubiri. Mvutaji wa sigara anayeona kikohozi chake cha miaka mingi kimebadilika anahitaji picha ya kifua.

Kisababishi ambacho watu hukisahau kabisa ni dawa za shinikizo la damu za kundi la enalaprili, kaptoprili na lisinoprili, ambazo kwenye boksi majina yake huishia na herufi p-r-i-l. Huweza kuleta kikohozi kikavu cha kukwaruza koo, nacho kinaweza kuanza wiki au hata miezi kadhaa baada ya kuanza dawa, kwa hiyo mgonjwa haviunganishi. Ulizia dawa zote, hata zile za "presha tu". Asiache kuzitumia kwa uamuzi wake. Amwone aliyemwandikia ili abadilishiwe aina, na kikohozi huisha kwa kawaida ndani ya wiki chache.

Nani mwingine anakohoa nyumbani, na yupo mtoto mchanga?

Yule mzee wa kupulizia nilimtibu kama mtu wa salfa. Niliona kipindi kizima kwa macho yangu, nikamwandikia amoksilini na dawa ya kikohozi, nikamshauri avae barakoa. Sikumuuliza analala na nani. Siku tisa baadaye binti yake alileta mtoto wa wiki tano aliyekuwa hanyonyi vizuri. Mtoto hakuwa akikohoa sana. Alikuwa akinyamaza tu, kifua kikisimama kwa sekunde kadhaa, midomo ikipoteza rangi, kisha akishtuka na kuvuta hewa. Bibi alisema kwamba babu ndiye aliyekuwa akimbeba jioni, mama anapopika. Mtoto alipelekwa hospitali kubwa kwa gari la wagonjwa, akakaa huko zaidi ya wiki mbili, akarudi mzima. Hakuwa amefikisha umri wa penta ya kwanza.

Tangu siku hiyo swali la mtoto mchanga nimelitanguliza mbele ya stetoskopu. Kwa mtu mzima kifaduro ni usumbufu wa miezi, lakini kwa mtoto wa chini ya miezi sita, na hasa ambaye hajaanza chanjo, ni ugonjwa unaoua, na mara nyingi aliyemletea ni mkubwa wa nyumba ile ile anayedhaniwa kuwa na kikohozi cha kawaida. Ndani ya nyumba wasio na kinga huambukizwa karibu wote. Dalili za mtoto mchanga hazifanani na za mkubwa: kikohozi kinaweza kukosekana, ikabaki kuacha kupumua kwa muda, kushindwa kunyonya na kubadilika rangi, ambako kwa mtoto mweusi huonekana vizuri zaidi kwenye ulimi na ufizi kuliko kwenye ngozi. Ukiona hivyo usisubiri kupambazuke.

Kina mama huniuliza kama sindano za pepopunda walizochomwa wakiwa wajawazito zinamkinga mtoto na kifaduro. Hapana, sindano hiyo hukinga pepopunda na dondakoo. Nchi kama Uingereza na Marekani humpa mama mjamzito chanjo yenye kifaduro ndani yake, Uingereza ikiwa imeanza mwaka 2012. Kwetu kinga ya mtoto ni penta kwa wakati, yaani wiki ya 6 na si "tukishavuna", pamoja na mkubwa anayekohoa kukaa mbali na mtoto.

Vipimo na dawa

Kipimo chenyewe ni kijiti cha pamba kinachopitishwa puani hadi nyuma ya koo, kisha maabara hutafuta bakteria au vinasaba vyao. Zahanati ya kawaida haina uwezo huo, na hata penye uwezo kipimo hufaa zaidi katika wiki tatu au nne za mwanzo; baada ya hapo bakteria huwa wachache mno. Picha ya kifua mara nyingi huwa safi. Kwa hiyo tabibu wa kijijini huamua kwa historia, na sioni aibu katika hilo mradi kifua kikuu kimepimwa.

Amoksilini haifai hapa. Dawa zinazotumika ni za kundi la erithromaisini na azithromaisini. Kwa mtu mzima azithromaisini hutolewa miligramu 500 siku ya kwanza, kisha 250 kwa siku kwa siku nne zinazofuata. Asiyeweza kuzitumia anaweza kuandikiwa septrini. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme kabla ya kupewa, kwa kuwa azithromaisini inaweza kuvuruga mapigo. Hizi si dawa za kujinunulia, na dozi ya mtoto mchanga haikisiwi nyumbani.

Mgonjwa aelezwe mapema dawa itafanya nini. Ikianza katika wiki moja au mbili za mwanzo inaweza kupunguza ukali. Ikianza baadaye haimwondolei kikohozi, ila huua bakteria waliobaki ili asiambukize wengine. Nisipolisema hili, mgonjwa hurudi siku ya sita akilalamika kwamba amepewa dawa feki. Baada ya siku tano za dawa sahihi haambukizi tena. Asiyetumia dawa huweza kuambukiza kwa takriban wiki tatu tangu vipindi vikali vianze. Nyumba yenye mtoto mchanga au mama aliye katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito inapaswa kuelezwa kituoni, kwa sababu wakazi wake wanaweza kupewa dawa hiyo kabla hawajaugua, na haifai kusubiri kuona nani ataanza kukohoa.

Wakati wa kungoja kipone

Kula kidogo kidogo mara nyingi hupunguza kutapika. Uji na mchuzi hukaa tumboni kuliko bonge la ugali wa muhogo usiku. Apikiwe mbali na moshi, alale ameinua kichwa, anywe maji. Asali kijiko kimoja hutuliza koo la mkubwa, lakini asipewe mtoto asiyefikisha mwaka mmoja. Wakati ambapo bado anaambukiza alale chumba chake, asibebe mtoto, asiende kwenye ngoma wala kwenye kibanda cha kupulizia, akohoe kwenye kitambaa au kiwiko.

Miezi kadhaa baada ya kupona, mafua ya kawaida yanaweza kurudisha vipindi vile vile vya kukaba kwa siku chache. Hilo si kifaduro kipya wala dawa haikushindwa. Njia za hewa bado hazijapona kabisa. Lakini kikohozi kisichopungua hata kidogo kufikia wiki ya kumi na mbili hakipaswi kuendelea kuitwa kifaduro kwa sababu tu kiliandikwa hivyo kwenye daftari la mgonjwa. Arudi, tabibu aanze upya kwa kipimo cha makohozi na picha ya kifua, hata kama vile vya kwanza vilikuwa safi.